Mama Sungura Amekwenda Singida

Baba mkubwa wangu Zablon hajui Kirusi, lakini ametafsiri Kirusi miaka kumi na minne. Au labda kilikuwa Kicheki. Pale Nkuhungu, mtaani kwetu Dodoma, hakuna aliyewahi kujua ile lugha ya kwenye zile katuni za zamani ni lugha gani, kwa sababu sidii zenyewe alizinunua kwa mtu wa kupita, zikiwa kwenye mfuko wa sukari, na maandishi ya juu yake yalikuwa kama miguu ya kuku kwenye vumbi.

Alikuwa na kibanda cha video. Banda la mabati nyuma ya nyumba, mabenchi sita, na runinga moja ya chogo juu ya meza iliyofungwa minyororo. Jioni wakubwa waliangalia filamu za ngumi. Jumamosi mchana, na Jumapili watu wakishatoka kanisani, ilikuwa zamu ya watoto na katuni. Bamkubwa alisimama pembeni ya runinga na maiki yake ya waya, akisema kila kitu. Akitoka dubu, sauti inakuwa nzito. Akitoka sungura, inakuwa nyembamba ya puani. Mlango ukifunguliwa kwenye katuni, yeye analia kama bawaba. Watu wa Nkuhungu walimwita Dijei, ingawa muziki hakupiga.

Hakuwa anaelewa neno hata moja, basi alikuwa anaangalia picha na kutunga. Hapo ndipo penye kisa.

Katuni iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya sungura mdogo na mama yake. Ndani yake kuna theluji, mwanzo mpaka mwisho. Bamkubwa aliiona theluji ile akajua hana la kuwaambia watoto wa Dodoma, akasema ni unga. "Sembe hiyo, daraja la kwanza," alisema kwenye maiki. "Huku kwao wamevuna mpaka unga umemwagika nje." Mwaka huo mvua ilikuwa imetupita kabisa, na wanasema watoto waliangalia ule unga bila kupepesa. Walirudi makwao wakiuliza kwa nini na sisi tusihamie huko.

Halafu ikafika sehemu ambayo mama sungura analala kwenye ule unga na hainuki. Muziki unashuka, sungura mdogo anamsukuma kwa pua, hainuki. Bamkubwa aliwatazama watoto wa benchi la mbele. Kwenye maiki akasema, "Ameshiba, amelala. Akiamka anakwenda Singida kwa dada yake."

Katuni ikaisha, mama hajaonekana. Bashiri, ambaye wakati huo alikuwa hana meno ya mbele, akanyoosha mkono kama yuko darasani. "Dijei, anarudi lini?"

"Huko kwao kunanyesha. Barabara ya Singida imekatwa na mvua. Tutamwona sehemu ya pili."

Sehemu ya pili haikuwepo. Lakini tangu hapo Nkuhungu mtu akichelewa popote, watu husema yuko Singida kwa dada yake. Mimi nimezaliwa nikaikuta lugha hiyo, na nilikuwa mkubwa kabla sijajua imetoka kwa sungura.

Simu ndizo zilizokiua kibanda. Kila mtoto akawa na katuni zake mkononi, na zinasema Kiswahili zenyewe. Bamkubwa aliuza runinga, banda likawa la kuku, yeye akaanza kushona viatu pale njiapanda. Anashona vizuri. Ila ana tabia ya kukisemea kiatu. Mteja akileta kiatu kilichopasuka, Bamkubwa hukigeuza na kukitolea sauti: "Huyu bwana ananikanyagisha mawe kama mimi ni tairi." Wengine wanacheka, wengine wanahamia kwa fundi wa upande wa pili. Mara ya mwisho kushika maiki ilikuwa msibani, kutangaza namba ya gari lililoziba njia. Aliitangaza mara tano. Gari lilikuwa limeshaondoka baada ya mara ya kwanza.

Basi siku Bashiri alipokuja njiapanda na pikapu yake, Bamkubwa alidhani ameleta kiatu. Bashiri sasa ni mtu mzima, ana mtoto, ana meno yote, na anakodisha spika kwenye harusi na mikutano mpaka kule Mtumba.

"Shikamoo, Mzee Zablon."

"Marahaba. Leta hicho kiatu."

"Sina kiatu. Nimeleta kazi."

Akaeleza. Kuna okestra inakuja, vijana kama arobaini, wengi kutoka Dar es Salaam na Arusha, wengine ni wapiga tarumbeta wa makanisa ya hapa hapa Dodoma. Watapiga muziki wa katuni za zamani, muziki mtupu, bila picha, kwenye ukumbi mmoja wa Miyuji. Yeye Bashiri amepewa kazi ya spika. Mwongozaji wao, Mwalimu Gladness, anatafuta mtu wa kuwaeleza watu kwa Kiswahili, kabla ya kila kipande, kwamba hapa kuna nini na nini. Kuna dada mmoja wa redio ametajwa.

"Mimi nikamwambia Mwalimu, dada wa redio katuni hizo amezisoma. Mimi namjua mtu ambaye ameishi nazo."

Bamkubwa hakusema kitu. Kwake yeye hilo ni jambo la kushangaza, mpaka mteja aliyekuwa amekaa na soksi moja alimwinamia kuona kama anaumwa. Usiku huo alipiga pasi suti yake ya harusi, wakati onyesho lilikuwa bado wiki tatu.

"Unaipigia pasi nini saa hizi?" Mamkubwa Loisi alimwuliza.

"Isije ikajikunja."

"Ikunjuke, ijikunje, wewe huna hata kazi bado. Umeambiwa ukaonekane tu."

"Loisi, hii nikiipata, sitaki tena kingine."

Alisema taratibu, na Mamkubwa akaacha kumtania. Kwa muda.

*

Mwalimu Gladness ni mwanamke mfupi, mkali kidogo, mwenye viatu visivyo na kelele. Alimpokea Bamkubwa kwa heshima zote, shikamoo na kiti. Halafu akamwambia sharti, moja tu.

"Mzee, wewe unasema kabla. Kijiti changu kikipanda, unanyamaza mpaka kishuke."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Bamkubwa akacheka. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma na Mamkubwa, tulikuja kumsindikiza, na nilimwona Mamkubwa anafumba macho.

Walianza na kipande cha dubu mwoka mikate. Bamkubwa akaeleza vizuri sana: dubu ana tanuri, tanuri halitaki kuwaka, wateja wamejipanga. Kijiti kikapanda. Yale matarumbeta makubwa yakaanza chini chini, na Bamkubwa akasema kwenye maiki, "Dubu anaamka."

Mwalimu akashusha kijiti. Okestra ikakatika vipande vipande, wa mwisho kunyamaza akiwa mpiga ngoma.

"Mzee, umesema."

"Nimesema?"

"Umesema dubu anaamka."

"Lakini si anaamka? Si unamsikia?"

"Namsikia. Ndiyo sababu huna haja ya kusema."

Vijana wa mazeze, yale ya kizungu ya kuwekwa begani, wakacheka wameinamisha vichwa. Wakaanza upya. Safari hii Bamkubwa alifika mbali, karibu katikati. Pakatokea mahali ambapo muziki unasita kidogo, kama mtu aliyeshika komeo. Na Bamkubwa, mikono nyuma, uso umetulia kabisa, akalia kama bawaba: "Kriiii."

Mwalimu hakugeuka haraka. Aliweka kijiti juu ya karatasi zake, akashuka, akamfuata.

"Mzee Zablon, mimi sikatai kipaji chako. Lakini hawa watoto wamefanya mazoezi miezi mitano ili wasikike. Ikitokea mara ya tatu nampigia yule dada wa redio. Sitasema neno, nitapiga simu tu."

"Nimekuelewa, Mwalimu."

"Na Bashiri," akasema kwa sauti ya juu, "nikipandisha kijiti, maiki ya Mzee unaizima."

"Hata ukiizima," Mamkubwa aliniambia sikioni, "huyu anasikika mpaka Kongwa."

*

Mazoezi ya nyumbani yalikuwa ya Mamkubwa. Alimkalisha Bamkubwa kwenye kigoda uani, akamwambia ajaze maji mdomoni, akafungulia redio. Sharti, maji yasimezwe mpaka wimbo uishe. Siku ya kwanza alimeza yote kabla mwimbaji hajaanza. Siku ya pili jogoo alipita na kuku mmoja anamkimbia, Bamkubwa akataka kumsemea kuku, maji yakaruka mpaka kwenye unga wa uwele tuliouanika.

"Miaka thelathini ya ndoa," Mamkubwa alimwambia jirani juu ya ua, "sijapata wiki nzuri kama hii."

Lakini Bamkubwa aliendelea. Alienda nayo njiapanda, chupa ya maji pembeni ya sindano na nyuzi. Mteja akija, anaonyesha kwa kidole mahali pa kuweka kiatu. Viatu vilishonwa kwa kimya siku kumi. Mteja mmoja alikuja nyumbani kutupa pole, amesikia Mzee amepooza mdomo.

Siku ya kumi na moja alikaa wimbo mzima, na matangazo ya vifo yaliyofuata, na maji yakatoka kama yalivyoingia. Akayatema kwenye mchicha, akatutazama. Mamkubwa akasema, "Sawa," akaenda kuchochea moto.

Halafu karatasi ikaletwa na Bashiri. Mwalimu Gladness alikuwa ameandika sentensi mbili tatu za kila kipande, ili Mzee asipotee. Bamkubwa aliisoma kwa kidole. Dubu, sawa. Gari moshi linaloogopa daraja, sawa. Alipofika kipande cha nne kidole kikasimama. Palikuwa pameandikwa: Theluji imefunika msitu. Mama sungura anakufa, na mwanawe anabaki peke yake.

Alipanda bajaji siku ileile mpaka ukumbini. Nilikwenda naye kwa sababu Mamkubwa alisema asiachwe peke yake na hasira.

"Mwalimu, hapa pana kosa," alisema. "Huyu hajafa."

"Nani?"

"Mama sungura."

"Mzee, amekufa. Nimeangalia. Hata mwenye kuandika muziki huu aliuandika kwa ajili ya kifo chake. Utasikia mazeze makubwa yanavyoshuka, pale ndipo roho inatoka."

"Sisi kwetu yuko Singida."

Mwalimu alimtazama kuona kama ni utani. Bamkubwa hakuwa anatania, lakini uso wake umezoea utani kiasi kwamba mtu hawezi kujua. Mwalimu akatabasamu, akamrudishia karatasi.

"Soma kilichoandikwa, Mzee. Tafadhali."

Njiani Bamkubwa alikunja karatasi mara nne, akaikunjua, akaikunja. Dereva wa bajaji alimwuliza kama ni mambo ya kiwanja. "Ni mambo ya msiba," Bamkubwa akasema. Lakini alikuwa anaitaka ile kazi. Akasema atasoma.

*

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri, upepo ule wa mwezi wa saba unasukuma vumbi na mifuko. Viti vya mbele walikaa watu wa maofisini na familia za mjini, akina mama waliovalia sari na watoto wao waliochanwa nywele vizuri. Nyuma ilikuwa Nkuhungu. Bashiri alikuwa amewapitishia habari kwamba Dijei anarudi kwenye maiki, na walikuja na wake zao, waume zao, watoto wao, karanga zao. Watu ambao nimewajua kama mafundi ujenzi na wauza nyanya walikaa wanachungulia jukwaa kama wanasubiri benchi la mbele.

Bamkubwa alitoka na suti. Hakukuwa na mkunjo hata mmoja.

"Mbukwenyi," akasema, kama alivyokuwa anafungua kibanda kwa Kigogo chetu.

"Mbukwa," nusu ya ukumbi ikajibu, na ile nusu ya mbele ikageuka kuangalia kuna nini huko nyuma.

Kipande cha kwanza, dubu. Alieleza, kijiti kikapanda, akafunga mdomo. Nilimwangalia yeye tu. Dubu akaamka, tanuri likakataa, pakafika pale penye komeo, nikaona koo la Bamkubwa linapanda na kushuka. Bawaba haikulia. Mamkubwa alinibana mkono mpaka kipande kikaisha. Cha pili, gari moshi, akanyamaza. Cha tatu, akanyamaza. Mwalimu Gladness alimwinamishia kichwa kidogo, na Bamkubwa akavuta koti chini, amependeza.

Halafu akafungua ile karatasi.

"Theluji imefunika msitu," akasoma. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma barua ya mwenyekiti wa mtaa. "Mama sungura anakufa, na mwanawe anabaki peke yake."

Kijiti kikapanda. Mazeze yakaanza. Huku nyuma kukawa na mnong'ono.

"Amesema anakufa?"

"Nani anakufa?"

"Mama sungura."

"Toka hapa. Mama sungura yuko Singida."

Mtoto wa Bashiri, aliyekuwa amepakatwa na mama yake, akaanza kulia. Mama yake naye ni wa Nkuhungu, na alimwinamia kumbembeleza, na akasema kwa sauti ya puani, nyembamba, ile ile ya Bamkubwa: "Usilie mwanangu. Ameshiba, amelala. Akiamka anakwenda Singida kwa dada yake." Fundi mmoja wa matofali mstari wa mbele yake akadakia, "Barabara imekatwa na mvua." Mwingine upande wa pili, "Tutamwona sehemu ya pili." Watu wakacheka kidogo, halafu hawakucheka, wakaendelea. Kila mmoja alikuwa anakumbuka kipande chake. Nyayo kwenye unga, kriti, kriti. Pua inasukuma, fu, fu. Nilisikia watu wazima wenye ndevu wanatoa sauti ya sungura. Mazeze makubwa yalishuka pale roho inapotoka, na juu yake nusu ya ukumbi inasema Singida.

Bamkubwa alisimama pale pale. Mdomo umefungwa, mashavu yamejaa kama ameweka maji. Machozi yanamtoka, au jasho, kwa mbali sikujua. Mwalimu Gladness, bila kugeuka, alinyoosha mkono wa kushoto kumwelekea yeye, kiganja wazi, nyamaza. Alidhani ni yeye. Bamkubwa angeweza kusema siyo mimi. Hakusema.

Kipande kikaisha, na yakatangazwa mapumziko kabla ya wakati wake.

*

Tulikwenda nyuma ya jukwaa, kwa sababu Mamkubwa alisema kama anafukuzwa basi afukuzwe tukiwepo. Mwalimu Gladness alikuwa ameshika simu.

"Mara ya tatu, Mzee. Tena kipande kile."

"Mwalimu, siyo yeye," Bashiri alisema, ametoka kwenye mitambo yake mbio. "Maiki niliizima mimi mwenyewe. Na nilikuwa namwangalia. Hajasema."

"Sauti nimeisikia. Ni yake."

"Ni yake ndiyo. Ila hakuwa anaitoa yeye. Mke wangu alikuwa anaitoa. Na mimi nilisaidia kidogo."

Mwalimu akamgeukia Bamkubwa. "Singida kuna nini?"

Bamkubwa akamtazama Mamkubwa kwanza. Nadhani hakuwa na uhakika kama sasa anaruhusiwa kusema. "Kulikuwa na watoto wamekaa benchi la mbele," akasema. "Wadogo. Picha imefika pale mama anaanguka, na wao wananiangalia mimi, hawaiangalii runinga. Mwaka wenyewe ulikuwa wa njaa. Nikasema amekwenda Singida. Sikujua kama wataendelea kukaa na neno hilo mpaka waoe."

Kijana mmoja wa mazeze aliyekuwa anapita akacheka, akaona hakuna mwingine anayecheka, akapita. Mwalimu aliitazama simu yake, akaizungusha mkononi.

"Sikiliza, Mzee. Nusu ya pili inafunguliwa na mwisho wa katuni hiyo hiyo, sungura amekua, anarudi mahali alipozaliwa. Filimbi moja tu, dakika nzima, na anayepiga ni binti wa miaka kumi na tano. Wakimfanyia vile atalia jukwaani. Wewe umeweza kunyamaza, nimekubali. Sasa nataka uwanyamazishe wao. Ukishindwa, yule dada yupo, amekaa mstari wa tatu."

Kunyamazisha watu ni kitu ambacho Bamkubwa hajawahi kufanya maishani. Kazi yake yote ilikuwa ni kuwafanya wapige kelele. Alirudi jukwaani mikono haina mahali pa kukaa, na karatasi aliiacha kwenye kiti.

"Watu wa Nkuhungu," akasema. Wakapiga vigelele. Akangoja. "Mimi nimesimama pembeni ya katuni hizi miaka kumi na minne. Mnajua muziki wake ukoje?"

"Tunajua," mtu akajibu.

"Hamjui. Na mimi sijui. Nilikuwa nasema juu yake. Kila wiki ulikuwa unapigwa, na mimi kila wiki nasema." Watu wakacheka, yeye hakucheka. "Leo ndiyo mara ya kwanza nakaa nao karibu na sina cha kusema. Naomba mniachie niusikie. Nisaidieni."

Halafu fundi matofali akauliza, siyo kwa ubishi, anataka kujua tu: "Na mama sungura?"

Bamkubwa akamtazama Mwalimu Gladness, ambaye alikuwa ameshapanda kwenye kijukwaa chake na kijiti mkononi, hajakiinua. Akawatazama watu wa nyuma.

"Mwalimu anasema amekufa, na yeye ameangalia vizuri kuliko mimi. Mimi nilisema Singida. Anayetaka kwenda na Mwalimu, aende. Anayetaka kwenda Singida, aende. Lakini kila mtu aende kimya kimya."

Nilimwona Mwalimu anauma mdomo kuzuia kicheko. Halafu kijiti kikapanda.

Filimbi ilianza ndogo, kama mtu anayepuliza kikombe kilichopoa. Ukumbi ulikaa kimya kiasi kwamba nilisikia upepo juu ya bati. Mtu alikuwa na karanga mdomoni na aliacha kuzitafuna. Mtoto wa Bashiri alifungua mdomo, mama yake akaweka kidole juu yake, na mtoto akaweka kidole chake juu ya mdomo wa mama yake. Bamkubwa aliangalia yule binti wa filimbi, kichwa kimeinama upande, kama anavyosikiliza kiatu kabla ya kukisemea. Mara moja midomo yake ilicheza. Akaifunika kwa mkono.

Kipande kilipoisha hakuna aliyepiga makofi. Watu wa mbele hawakuwa na hakika kama kimeisha. Watu wa nyuma walikuwa wanamngoja Dijei aseme mwisho, kama alivyokuwa anasema siku zote. Maiki yake ilikuwa imewashwa tayari, Bashiri aliniambia baadaye. Bamkubwa aliiweka chini, akapiga makofi yeye. Ndipo ukumbi mzima ukafuata.

Alimaliza onyesho lote. Dada wa redio alibaki mstari wa tatu mpaka mwisho na alikuja kumpa mkono. Mwalimu Gladness alimwambia mwakani wanakwenda Iringa na Morogoro, na akamwuliza kama suti hiyo ndiyo pekee aliyo nayo.

Bashiri alitushusha barabarani tukamalizia kwa miguu. Jua lilikuwa linaelekea kuzama na vumbi limetulia. Bamkubwa alitembea mbele ameshika koti begani, anajaribu kuiimba ile filimbi. Alishika mwanzo vizuri, akafika mahali wimbo unapopinda, akapotea. Akaanza tena. Akapotea palepale.

"Siyo hivyo," Mamkubwa Loisi akasema, na akaiimba. Yote, na pale unapopinda akapinda, mpaka mwisho wake, huku anahamisha mfuko wa nyanya alizonunua tuliposhushwa, kutoka mkono huu kwenda mkono ule.

Bamkubwa akasimama. "Umeijulia wapi?"

"Bandani kwako. Wewe ulikuwa unaweka sidii halafu unatoka nje kuita watu. Picha haijaanza, inapigwa hiyo hiyo, ikiisha inarudi. Mimi nafagia, namwagia maji vumbi, napanga mabenchi. Nusu saa nzima, kila Jumamosi na Jumapili."

"Hukuniambia."

"Ungenisikia saa ngapi?"

Tulipita nyumba mbili, tukapita duka la mkaa.

"Imba tena," akasema. "Pale panapopinda, taratibu."

Mamkubwa akaimba tena, taratibu, na Bamkubwa akatembea pembeni yake nusu hatua nyuma, hasemi kitu.